Barua ya wazi kwa viongozi wa chama chetu: misimu tisa ya dawa ileile kwenye pamba

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,
na Ndugu Meneja wa chama chetu cha msingi cha ushirika,
Tambarare ya Moshi, Mkoa wa Kilimanjaro.

Shikamooni wazee wangu. Mlio rika langu na wadogo zangu, nawasalimu kwa heshima.

YAH: DAWA YA MAGUGU TUNAYOKATWA KILA MSIMU KWENYE PAMBA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wenu, mwaka huu ni wa kumi na nne. Nina eka tatu kusini ya mji, kule ambako udongo ni mweusi na mvua ikinyesha unabeba nusu ya shamba kwenye viatu. Eka moja na nusu ni pamba, iliyobaki napokezana mahindi, maharage na ngwara, zao la jamii ya kunde. Wapo watakaosema pamba ni ya Kanda ya Ziwa, sisi wa Kilimanjaro tunajulikana kwa kahawa na ndizi. Ni kweli pamba yetu ni kidogo ukilinganisha na ya Simiyu au Shinyanga. Lakini ndiyo iliyosomesha watoto wangu wawili.

Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliileta ofisini kwa mkono wangu, nikagongewa muhuri kwenye nakala, na nakala ninayo. Ya pili nilimkabidhi mjumbe wa eneo letu. Mara ya tatu nilisimama kwenye mkutano mkuu, nikaambiwa hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza, na vijana wa bomba wakaja na madumu yaleyale. Sikulelewa kuanika mambo ya nyumbani barazani, na imenichukua wiki nzima kukubali kwamba sina njia nyingine iliyobaki.

Nianze na haki yenu. Mizani ya chama chetu haiibi. Tukileta pamba safi inaandikwa safi, fifi inaandikwa fifi, na malipo yakichelewa tunaelezwa kwa nini. Ndiyo maana naandika kwenu, sijaenda kutafuta chama kingine. Na nikiri jambo: tulipopiga kura kuleta dawa ya magugu kwa mkopo, misimu tisa iliyopita, mimi nilinyoosha mkono kukubali. Vibarua wa palizi walikuwa hawapatikani. Vijana wamekwenda mjini kuendesha bodaboda, wengine machimboni Mirerani, wengine wanakata miwa. Pamba nayo hukua polepole mwanzoni. Wiki sita hadi nane za kwanza ukiiacha na magugu, hata ukija kupalilia baadaye umeshachelewa. Mwaka ule wa kwanza dawa ilifanya kazi. Shamba lilikauka likawa kahawia, tukapanda kwenye ardhi safi, nikalala usingizi. Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyechukia dawa tangu mwanzo.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Dawa ni ileile, mwaka hadi mwaka.

Misimu tisa tumepiga glaifoseti kabla ya kupanda, na tangu msimu wa nne tunaipiga tena katikati ya mistari pamba ikiwa imeshaota. Hakuna mwaka hata mmoja tuliopumzika wala kubadilisha. Matokeo yake yako shambani, yeyote anaweza kuyaona. Magugu mepesi yamekwisha. Yaliyobaki ni yale ambayo dawa haiyawezi, na sasa yana shamba zima peke yao.

Ndago kwanza. Mwezi uliopita nilichimba kwa jembe hatua moja ya mraba mahali palipopigwa dawa wiki tatu kabla. Juu majani yalikuwa yamekauka, unaweza kusema yamekufa. Chini nikakuta vile vifundo vyeusi, vimeshikana kwa nyuzi kimoja hadi kingine kama shanga. Nilikata kimoja kwa ukucha, ndani ni cheupe, kibichi, kina harufu yake ileile. Dawa hushuka kupitia majani hadi kwenye kifundo kilichoota, lakini kile kilicholala bila jani haikifikii. Trekta likipita, nyuzi zinakatika na kila kifundo kinaanza maisha yake.

Pili ni lile jani teketeke la ua la bluu linalotambaa ardhini, ambalo bibi zetu waliwapa sungura na mbuzi. Ukilikata, kila kipande kinaota. Linazaa mbegu juu, na linazaa nyingine chini ya udongo kwa maua yasiyoonekana. Glaifoseti inalidumaza siku chache, kisha linaendelea. Naomba mlisikie hili vizuri, kwa sababu jani hilo, ambalo asili yake ni huku kwetu Afrika na Asia, lilifika Marekani na kuwa gugu sumbufu kuliko yote kwenye pamba ya jimbo la Georgia. Kilichotokea ni kwamba wakulima wa kule walianza mwaka 1997 kupanda pamba iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili glaifoseti, wakawa wanapiga dawa hiyo moja juu ya pamba na magugu kwa pamoja. Wakaacha dawa nyingine, wakaacha jembe. Magugu mengine yakafa, hili likabaki na nafasi.

Halafu likaja la mchicha. Mchicha pori wa kule una jike na dume, na jike mmoja anaweza kuzaa mbegu laki kadhaa. Mwaka 2005 ilithibitishwa huko Georgia kwamba mchicha huo umeshindikana kwa glaifoseti. Baada ya miaka michache, nchi yenye matrekta kuliko sisi wote ililazimika kurudisha watu na majembe kwenye mashamba ya pamba. Mmea haujifunzi kustahimili dawa. Kati ya mimea mingi sana, mmoja huzaliwa ukiwa tayari na uwezo huo. Dawa inaua wenzake wote, unabaki huo, unazaa. Ukirudia dawa ileile mwaka unaofuata, unakuwa unauchagulia mbegu mmea huo. Duniani leo aina za magugu zilizothibitishwa kuzoea dawa moja au nyingine zimepita 250.

Sisi hatuna hata kile kisingizio cha Georgia. Tanzania wakulima hawapandi pamba ya vinasaba. Pamba yetu ikiguswa na glaifoseti inakufa kama gugu lolote. Kwa hiyo hiki tunachofanya cha kupita na bomba katikati ya mistari, bila hata kofia ya kukinga kwenye nozeli, kinaua pamba pia. Mstari wangu wa nne kutoka mfereji una mapengo ambayo mtu anaweza kulala ndani yake.

2. Maji machafu, kisha dozi inaongezwa.

Vijana wanachota maji ya kuchanganyia kwenye mfereji. Wakati wa masika maji hayo ni rangi ya chai ya maziwa. Glaifoseti ina tabia ya kung'ang'ania udongo. Ikikutana na tope ndani ya bomba inajishikiza humo, na kinachotoka kwenye nozeli ni maji yenye dawa iliyoshindwa kabla haijagusa jani. Maji magumu ya baadhi ya visima vyetu nayo hupunguza nguvu yake. Vumbi likiwa zito juu ya majani, hivyohivyo.

Gugu lisipokufa, mnasema ongeza. Tulianza na kifuniko kimoja na nusu kwa bomba la lita 15. Sasa ni vinne, na hakuna aliyeandika popote ni nani aliamua. Kifuniko chenyewe si kipimo, kila dumu lina chake. Niliuliza kwa nini tusichuje maji au tuyaache kwenye pipa yatulie usiku mmoja. Nikajibiwa kwamba vijana wanalipwa kwa bomba, hawawezi kusubiri pipa.

3. Pamba yangu iliyopigwa na dawa ya mahindi.

Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa.

Msimu huu, pamba ikiwa na wiki ya tano, vijana wa chama walipiga mahindi ya jirani yangu kwa 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Ilikuwa saa nane mchana, upepo ukitoka upande wake kuja kwangu. Walipomaliza wakasuuza bomba mara moja kwa maji ya mfereji, wakaingia kwangu na bomba hilohilo.

Siku ya tatu niliona vichwa vya miche vimeinama. Nikadhani ni jua. Siku ya kumi majani mapya yakaanza kutoka, na hayakuwa majani ya pamba. Jani la pamba mnalijua, pana kama kiganja. Haya yalitoka membamba, yamekunjamana, mishipa imekwenda sambamba, ncha zimechongoka kama vidole vya kuku. Shina likapinda. Vitumba vya maua vilivyokuwa vimeanza vikadondoka, nikawa navikanyaga nikipita. Nilibeba mche mmoja hadi ofisini kwenu, nimeufunga kwenye kanga na udongo wake. Nikaambiwa ni ugonjwa wa virusi na nipige dawa ya wadudu.

Ndugu Meneja, pamba ni kati ya mazao yanayoumia upesi kuliko yote kwa 2,4-D. Kiasi kidogo sana kinatosha, hata kile kilichobaki kwenye mpira wa bomba lililosuuzwa vibaya. Zipo aina za dawa hiyo ambazo kwenye joto hugeuka mvuke na kusafiri saa kadhaa baada ya kupigwa, hata kama upepo ulikuwa umetulia. Kutumia bomba moja kwa 2,4-D na kwa pamba ni jambo ambalo mtu aliyefundishwa siku moja tu asingelifanya. Nusu eka imekwenda. Na makato ya dawa nimekatwa kwa eka yote na nusu.

4. Maharage.

Kwenye mahindi tumekuwa tukipewa pia atrazini, dawa nyingine ya magugu. Hakuna aliyetuambia kwamba inakaa udongoni na kwamba maharage yakifuata yanaweza kufa. Yanaota vizuri, unafurahi, kisha majani ya chini yanageuka njano kuanzia pembeni, yanakauka kama karatasi iliyoshika moto. Wanawake wanne tunaopakana tumepoteza maharage ya vuli kwa namna hiyohiyo. Umoja wa Ulaya uliamua kuacha atrazini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu ya kuonekana kwenye maji ya ardhini. Sisi tunakunywa maji ya visima vifupi.

5. Watu, mboga, majani ya ng'ombe na maji.

Kijana anayepiga kwetu namfahamu tangu akiwa anabebwa mgongoni. Bomba lake linavuja kwenye mfuniko. Akiinama, dawa inashuka kwenye uti wa mgongo, na fulana yake ina mstari wa unyevu kutoka shingoni hadi kiunoni siku nzima. Anavaa ndala. Nozeli ikiziba anaipuliza kwa mdomo. Nilimpa glavu za mpira, akazivaa siku mbili, siku ya tatu akasema zinamchelewesha na yeye analipwa kwa bomba. Simlaumu yeye. Ninyi ndio mliopanga malipo yawe kwa bomba.

Sitaki kusema jambo nisiloweza kulisimamia. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, za Ulaya na za Marekani, zimetazama na kusema hazikuona hatari hiyo ikitumika kama inavyoelekezwa. Wataalamu wabishane. Lakini wote wanazungumzia dawa inayotumika kama inavyoelekezwa, na hapa kwetu hakuna aliyewahi kuisoma hiyo karatasi ya maelekezo kwa sababu dawa inatufikia imeshafunguliwa, imepimwa kwenye chupa za maji ya kunywa, haina kibandiko. Ule mkanda wa rangi chini ya kibandiko, nyekundu, njano, bluu au kijani, ambao ungemwambia hata asiyejua kusoma kwamba hii ni kali kiasi gani, umebaki ghalani kwenu.

Na shambani hakuna pamba peke yake. Mchicha, mnavu na mgagani vinajiotea katikati ya mistari na ndiyo mboga ya jioni ya nyumba nyingi za huku. Mama akipita asubuhi baada ya dawa kupigwa jana yake, majani bado ni mabichi, hayajaonyesha chochote. Anachuma. Kuna pia wanaokata majani ya ng'ombe huku tambarare na kuyapandisha mlimani kwa pikapu, kwa sababu vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya huko, havina malisho. Anayenunua mzigo ule Kibosho au Marangu hana namna ya kujua umekatwa wapi. Hakuna hata kitambaa chekundu kinachofungwa kwenye mti kuonyesha kwamba hapa pamepigwa.

Madumu matupu yanaoshwa kwenye mfereji. Nimeyakuta mawili yakiuzwa gulioni, yamejaa mafuta ya taa. Mifereji yetu inaishia mitoni, na mito ya tambarare hii inaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki.

6. Makato.

Tunakatwa fedha ya dawa kwa kila eka ya pamba, iwe umeitaka au hukuitaka. Mwaka juzi niliomba kupalilia kwa jembe na kwa palizi ya ng'ombe, kwa gharama yangu. Nilikatwa vilevile. Stakabadhi imeandikwa "pembejeo" na jumla yake. Haisemi dawa gani, lita ngapi, bei gani.

Sasa najua mtakayosema, kwa sababu mmeshaniambia mengi yake uso kwa uso.

Mtasema dawa imesajiliwa. Sibishi. Kusajiliwa maana yake imeruhusiwa kwa zao fulani, kwa kipimo fulani, kwa muda fulani. Vifuniko vinne vya maji ya tope, kupigwa katikati ya pamba bila kikinga, havikusajiliwa na yeyote.

Mtasema vibarua hawapo na jembe ni utumwa. Hilo nalikubali kuliko mnavyofikiri. Nimepalilia tangu nina miaka tisa na mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi. Wanaotaka mama mwenye umri wangu arudi kwenye jembe peke yake kwa eka moja na nusu hawajawahi kulishika. Lakini hesabuni pamoja nami. Mwaka wa kwanza dawa iliniondolea palizi mbili. Msimu huu nimepiga dawa mara mbili na nimepalilia mara mbili. Nalipa vyote viwili.

Mtasema tutaleta dawa kali zaidi. Kwenye mkutano mliahidi moja inayokausha majani ndani ya siku moja, na watu wakapiga makofi. Hamkutaja jina. Kama ni parakwati, naomba nisimame hapo kwa mwili wangu wote. Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2007. Mtu akiimeza, hata kwa bahati mbaya, haina dawa ya kuiondoa mwilini. Tumezoea kupimiana dawa kwenye chupa za maji. Mtoto mmoja mwenye kiu anatosha. Tena kwa ndago haitasaidia kitu, maana inaunguza jani na kuishia hapo, kifundo hakiguswi.

Mtasema mimi si mtaalamu. Sawa. Wataalamu hawako mbali. Makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yako Ngaramtoni, Arusha. Ukitoka Moshi na basi la asubuhi, mchana umeshafika. Kama nimekosea kuhusu majani ya pamba yangu, wao waseme nimekosea na nitaomba radhi mbele ya mkutano uleule.

Na mtasema wanachama walikubali. Walikubali mara moja, misimu tisa iliyopita, kwa jambo moja la kupiga kabla ya kupanda. Hakuna mkutano uliokubali kupiga katikati ya mistari, wala kuongeza dozi, wala makato kwa asiyetaka. Huu ni mkoa ulioanzisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933. Wazee wetu wa kahawa walijenga ushirika ili mkulima asiamuliwe na mtu mwingine, na sisi ndio warithi wake.

Ninachoomba ni hiki, na nakiweka kwa mpangilio ili kijibiwe kwa mpangilio.

(a) Makato ya dawa ya magugu yasimame kuanzia msimu ujao kwa mwanachama yeyote atakayeandika kwamba haitaki. Anayeitaka aipate, ikiwa kwenye chombo chake chenye kibandiko cha Kiswahili.

(b) Mbandike kwenye ubao wa ofisi jina la kila dawa mliyonunua misimu hii tisa, kiambato chake, lita na bei. Si siri ya biashara. Ni fedha yetu.

(c) Mabomba ya 2,4-D yawe ya 2,4-D tu, yapakwe rangi tofauti, na yasiingie kwenye shamba la pamba kamwe. Isipigwe mchana wa joto wala upepo ukielekea kwenye pamba.

(d) Vijana walipwe kwa siku. Wapewe buti, glavu, miwani na bomba lisilovuja, na wafundishwe kabla ya msimu. Madumu yasuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yarudi ndani ya bomba, kisha madumu yatobolewe na kurudishwa ghalani. Shamba lililopigwa lifungwe kitambaa chekundu pembe zote nne.

(e) Magugu yaliyosalia baada ya dawa yachukuliwe na mbegu zake, pamoja na sampuli za udongo na maji ya visima vitatu, yapelekwe kupimwa. Tuambiwe majibu, hata yakiwa mabaya.

(f) Robo tu ya fedha tunayotumia kwenye dawa inunue majembe ya palizi ya kukokotwa na ng'ombe, yazungushwe kwa zamu kama tunavyozungusha maji. Nimefanya hivyo kwa eka nzima na ng'ombe wawili wa kuazima, kazi ya siku moja na nusu, bado nikamalizia kwa jembe karibu na mashina. Na tupewe mbegu ya ngwara tuipande baada ya mahindi. Mahali ngwara ilipofunika ardhi yangu mwaka juzi, magugu yaliyotoka mwaka uliofuata niliyang'oa kwa mkono nikiwa nimeinama mara moja moja. Hata gugu karoti, ambalo tangu lilipoonekana Arusha mwaka 2010 limeshuka na barabara hadi kwetu, halikupata mwanya pale.

(g) Makato ya nusu eka yangu iliyoharibika yarudishwe. Sijaomba fidia ya pamba, nimeomba nisilipie kilichoiua.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Likikosekana, nitatumia haki yangu ya mwanachama kukusanya saini za kuitisha mkutano mkuu maalumu. Majirani kumi na mmoja wameshasema watasaini, na nimewaomba wasubiri kwanza barua hii isomwe.

Sijaing'oa ile nusu eka. Nimevuna sehemu nyingine na kukata mashina yake, lakini mistari minne ya upande wa jirani imesimama kama ilivyo, na majani yake ya vidole vya kuku. Mnajua masalia yote ya pamba lazima yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe iliyotangazwa, nami nitaing'oa siku hiyo kama sheria inavyotaka. Njooni kabla ya hapo. Mkifika kwenye daraja la mfereji mpige kelele tu, nitawasikia kutoka shambani.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama na mkulima wa pamba,
Tambarare ya Moshi.

Nakala: Wanachama wote, Ofisa Kilimo wa kata.